Ukipigwa Nyumbani: Hospitali Kwanza au Polisi Kwanza?

Swali hili huulizwa karibu kila juma katika kliniki za hapa Kitengela, na aghalabu huulizwa na mtu ambaye tayari amechelewa. Mwanamke amepigwa usiku wa Jumamosi. Jumapili anashauriana na dada yake. Jumatatu anakwenda kituoni, anaambiwa alete fomu iliyojazwa na daktari. Jumanne ndipo anapoingia hospitalini, fomu mkononi, na majeraha yamekwisha kuanza kufifia. Ikiwa alibakwa pia, muda wa kumeza dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi uko ukingoni au umekwisha pita.

Jibu ni hili: hospitali kwanza. Hakuna sheria nchini Kenya inayomtaka mtu aliyejeruhiwa apitie kituo cha polisi ndipo atibiwe. Polisi wanahitajika, na tutafika kwao, lakini kesi inaweza kungoja hadi asubuhi, damu haingoji.

Neno dhuluma za kijinsia ni pana. Kipigo kimo, ubakaji umo, na vilevile unajisi wa watoto, ukeketaji, kuozwa kwa nguvu, vitisho vya kila siku, kunyang'anywa mshahara, na kufungiwa nje ya nyumba usiku. Wanaume nao hupigwa na wake zao, na nyingi za sheria nitakazozitaja zinawalinda wao pia. Mwanamume mwenye jeraha la namna hii asione haya kuja. Hata hivyo wanaofika kwetu wengi ni wanawake, na makala haya yanawahusu wao.

Kulingana na uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022, asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipofika miaka 15. Huyo ni mmoja kati ya watatu. Asilimia 13 wamewahi kudhulumiwa kingono. Ukiwa umeketi ndani ya matatu ya kutoka Kitengela kwenda Nairobi, hebu wahesabu wanawake waliomo.

Wilaya ya zamani ya Kajiado, ambayo sasa ni kaunti, imebadilika upesi mno. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312. Ile ya 2019 ikahesabu 1,117,840. Sehemu kubwa ya wageni hao wako Kitengela, Ongata Rongai na Ngong, katika nyumba za kupanga ambapo mtu hajui jina la jirani wa mlango wa pili. Mwanamke anayefanya kazi katika viwanda vya EPZ kule Athi River anarudi jioni, anafunga mlango wa chuma, na kinachotokea humo ndani hakina shahidi. Hakuna mama mkwe wa kubisha hodi wala mzee wa ukoo wa kuita kikao. Ukiendelea mbele kuelekea Isinya, Kajiado mjini, Mashuuru na hadi Loitokitok, mambo ni kinyume: kila mtu anajua kilichotokea, na kwa sababu hiyo hiyo watu huambizana kwamba jambo limekwisha kutatuliwa nyumbani. Kimya cha mjini na kimya cha boma hutofautiana, ila kwa daktari matokeo ni yale yale.

DAKTARI HUONA NINI

Ni wachache sana wanaosema moja kwa moja, "Mume wangu amenipiga." Wengi husema waliteleza bafuni, waligongwa na mlango, au walianguka kutoka kwa bodaboda. Lakini majeraha yana lugha yake. Mtu aliyeanguka huchubuka viganja, magoti, viwiko na paji la uso. Aliyepigwa huwa na alama usoni, shingoni, kifuani, tumboni, na katika sehemu za mikono na mapaja zinazofichwa na nguo. Mfupa wa mkono ulio upande wa kidole kidogo huvunjika mtu anapouinua mkono kukinga rungu au mwiko wa ugali. Ngoma ya sikio la kushoto hupasuliwa na kofi, kwa kuwa wengi wetu hupiga kwa mkono wa kulia. Tena kuna alama za nyakati mbalimbali katika mwili mmoja: hii ya zambarau, ile ya kijani, nyingine ya manjano iliyofifia. (Hapa nitie neno kwa faida ya wanaoenda kortini: rangi ya alama haimpi daktari tarehe kamili. Inamwonyesha tu kwamba kipigo hakikuwa cha siku moja.)

Wengine hawana hata mchubuko. Wanalalamika kuhusu kichwa kisichoacha kuuma, tumbo kuwaka moto, nyonga kuuma, kukosa usingizi, moyo kwenda mbio. Mwanamke wa namna hii anaweza kupimwa malaria na homa ya matumbo mara tatu katika mwezi mmoja, akapewa dawa kila mara, na maumivu yakabaki. Mume anapojibu maswali yote kwa niaba yake, daktari mzoefu humwomba mume huyo asubiri nje. Msomaji, ukiombwa kusubiri nje usikasirike; ni utaratibu wa kawaida. Na ukiwa wewe ndiye mgonjwa, unaweza kumnong'onezea muuguzi kwamba ungependa kuonana na daktari peke yako.

Mimba haimkingi mwanamke na kipigo. Kwa wengine ndipo kipigo huanza. Tumbo likipigwa kondo la nyuma linaweza kubanduka kabla ya wakati, na hapo mama na mtoto wote wako hatarini. Damu inayovuja inaweza kubaki ndani isionekane nje. Kwa hiyo mjamzito aliyepigwa tumboni aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama hajaona tone la damu na hata kama mtoto bado anacheza.

Sasa nataka tukae kidogo katika jambo moja ambalo watu hulipuuza, nalo ni kukabwa koo. Mwanamke huonyesha mkono uliovimba, kisha anasema kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, "Na alinikaba kidogo." Hakuna kukabwa kidogo. Mishipa ya damu inayopanda kwenda ubongoni iko karibu kabisa na ngozi ya shingo, na nguvu inayotosha kuibana ni ndogo kuliko wengi wanavyofikiri. Mtu hupoteza fahamu kwa sekunde chache tu. Asipokufa hapo, ukuta wa ndani wa mshipa unaweza kuwa umechanika, damu ikaganda penye mchaniko huo, na siku kadhaa baadaye donge likapanda ubongoni na kumletea kiharusi mwanamke wa miaka thelathini ambaye hajawahi kuugua shinikizo la damu.

Ubaya wake ni kwamba alama huenda zisionekane. Uchunguzi wa kesi 300 za wanawake waliokabwa koo katika mji wa San Diego, Marekani, uliochapishwa 2001, ulikuta kwamba nusu yao hawakuwa na alama yoyote ya kuonekana kwa macho. Dalili za kuangalia ni sauti kukwaruza, maumivu wakati wa kumeza, vidoti vyekundu machoni au kwenye kope, kujikojolea wakati wa tukio, kutokumbuka kilichotokea, kichwa kuuma sana, au upande mmoja wa mwili kulegea. Ukiwa na mojawapo ya hizo, mwambie daktari wazi kwamba ulikabwa, ili asiishie kukupa dawa ya maumivu.

Kuna sababu nyingine ya kulitaja. Utafiti mwingine wa Marekani, wa 2008, ulionyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa koo na mwenzi wake yuko katika hatari ya kuuawa na mwenzi huyo zaidi ya mara saba kuliko aliyedhulumiwa bila kukabwa. Mwanamume anayekaba koo amekwisha kukuonyesha anachoweza kufanya.

SAA SABINI NA MBILI

Kwa aliyebakwa, saa ndiyo dawa. Vidonge vya kuzuia virusi vya Ukimwi vinapaswa kuanza kabla ya saa 72 kwisha, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Aliyefika baada ya saa mbili ana bahati kuliko aliyefika baada ya siku mbili. Humezwa kwa siku 28 bila kuruka. Vinaweza kuleta kichefuchefu, na wengi huviacha katika juma la pili kwa sababu hiyo. Usiviache, rudi hospitalini ubadilishiwe au upewe dawa ya kutuliza tumbo. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi vizuri vikimezwa mapema, na vinaweza kutolewa hadi saa 120, yaani siku tano. Pamoja na hivyo kuna dawa za magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini aina ya B, na ya pepopunda kama kuna vidonda.

Aliyeko Kitengela ana hospitali ya kaunti ndogo papo hapo, na Kajiado mjini kuna hospitali ya rufaa ya kaunti. Aliyeko upande wa Magadi au ndani ya Mashuuru ana safari. Huyu naye aanzie zahanati iliyo karibu, aulize kama kuna dozi ya kwanza ya vidonge, aimeze, ndipo atafute gari. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inasema gharama ya matibabu ya mwathiriwa katika hospitali ya umma ni ya Serikali. Ukidaiwa pesa, taja sheria hiyo kwa upole na uombe kuonana na msimamizi.

Usioge kabla ya kupimwa, najua ni kumwambia mtu jambo gumu. Usifue nguo. Zitie katika mfuko wa karatasi, kama ule wa khaki wa dukani, usizitie katika plastiki, kwa sababu plastiki huzuia hewa, nguo zikapata ukungu na ushahidi ukaharibika. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwaka wa 2017, lakini nguo bado hutufikia zimefungwa humo.

Na aliyekwisha kuoga? Aje vilevile. Wengi hukata tamaa hapa bila sababu. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinairuhusu mahakama, katika makosa ya kingono, kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mwathiriwa peke yake, mradi hakimu ameridhika kwamba anasema kweli na ameandika sababu za kuridhika. Vipimo vya maabara husaidia, lakini kukosekana kwavyo hakuui kesi.

KARATASI TATU

Ya kwanza hujazwa hospitalini, nayo ni fomu ya huduma baada ya ubakaji, ambayo wahudumu huiita PRC. Daktari, tabibu au muuguzi huandika alichoambiwa, alichokiona na vipimo alivyochukua. Huandikwa nakala tatu: moja ya polisi, moja yako, moja hubaki katika faili. Nakala yako iweke mahali ambapo mshtakiwa hawezi kuifikia, pengine kwa mama au kwa rafiki.

Ya pili ni nambari ya OB, yaani nambari ya taarifa yako katika kitabu cha matukio kituoni. Usiondoke kituoni bila nambari hiyo. Vituo vingi vina dawati la jinsia. Unaweza kuomba kuhudumiwa hapo, na unaweza kuomba afisa wa kike.

Ya tatu ni P3, ambayo hutolewa na polisi na kujazwa na daktari. Fomu yenyewe haiuzwi. Humo daktari hutakiwa kueleza kila jeraha, umri wake kwa kukadiria, aina ya silaha iliyotumika, kisha kuliweka jeraha katika daraja: dhara, kulemazwa, au dhara kubwa. Maneno hayo yana uzito kuliko yanavyoonekana. Katika Kanuni ya Adhabu, shambulio la kuleta dhara mwilini linaweza kumpeleka mtu gerezani miaka mitano. Kusababisha dhara kubwa adhabu yake inafika kifungo cha maisha. Kwa hiyo mwonyeshe daktari kila alama, hata zilizo mahali pa aibu. Jino lililotikisika, sikio lisilosikia vizuri, kidole kisichokunjika, vyote vitajwe. Jeraha ambalo halikuandikwa, mbele ya hakimu ni kama halikuwapo.

Hii ndiyo faida nyingine ya kuanzia hospitalini. Daktari aliyekutibu usiku ule ule anaijaza P3 akitazama alichoandika mwenyewe majeraha yakiwa mabichi. Anayeletewa fomu baada ya majuma mawili anaandika kuhusu makovu. Piga picha za majeraha kwa simu, na uandike jina la aliyekutibu, maana huenda akaitwa kutoa ushahidi, na wahudumu wa afya hawakai kituo kimoja daima.

SHERIA ZINASEMAJE

Msingi ni Katiba ya 2010. Kifungu cha 29 kinampa kila mtu haki ya kutofanyiwa ukatili wa aina yoyote, uwe umetoka kwa watu wa Serikali au kwa watu binafsi. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayoingia chumbani. Ile hoja ya "mambo ya mke na mume hayaingiliwi" haina mahali pa kusimama tena katika sheria za Kenya.

Sheria ya Makosa ya Kingono iliwasilishwa Bungeni na Njoki Ndung'u, aliyekuwa mbunge maalum wakati huo na ambaye baadaye aliteuliwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Inaweka kifungo kisichopungua miaka 10 kwa ubakaji, na kinaweza kufika maisha. Kwa unajisi, mtoto akiwa na miaka 11 au chini ni kifungo cha maisha. Wa miaka 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Wa miaka 16 hadi 18, si chini ya miaka 15. Lakini ina tundu moja ambalo sitalificha: kifungu cha 43 kinawatoa watu waliooana kihalali, kwa hiyo mume hashtakiwi kwa kosa la kumbaka mkewe chini ya sheria hiyo. Kwa maoni yangu tundu hilo lilipaswa kuzibwa zamani. Mwili haujui cheti cha ndoa, na vidonda ninavyovishona ni vile vile.

Afueni kidogo ilikuja na Sheria ya Kukinga Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015, ambayo ni watu wachache wanaoijua. Imetaja dhuluma za kingono ndani ya ndoa kuwa dhuluma. Imetaja pia kipigo, vitisho, matusi, kufuatwafuatwa, kunyimwa mali na pesa, kuharibiwa vitu, kuozwa kwa nguvu, kurithiwa kwa nguvu mjane, kutakaswa kwa mjane, na hata wakwe kuingilia ndoa. Inawahusu waliooana, walioachana, wanaoishi pamoja, wachumba, waliozaa pamoja na jamaa wa ukoo mmoja. Kwa hiyo yule binti wa Kitengela anayekaa na mwanamume bila mahari kutolewa asiseme hana sheria.

Sheria hii inamruhusu mwathiriwa aende mbele ya hakimu, kwa mfano katika mahakama ya Kajiado, aombe amri ya ulinzi. Hatari ikiwa karibu, hakimu anaweza kutoa amri ya muda kabla hata ya kumsikia anayelalamikiwa. Amri inaweza kumkataza asimguse mlalamishi, asimpigie simu, asimfuate kazini. Inaweza hata kumtoa katika nyumba wanayoishi, hata kama nyumba ni yake au kodi inalipwa kwa jina lake. Kuivunja ni kosa la jinai. Mtu mwingine anaweza kuomba kwa niaba ya mwathiriwa asiyeweza kufika mwenyewe.

Kuhusu mali, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema mke au mume hawezi kufukuzwa katika nyumba ya ndoa na mwenzake ila kwa amri ya mahakama, na kwamba katika ndoa ya mke mmoja mali ya ndoa haiuzwi bila idhini ya wote wawili. Katika Kajiado hili si jambo dogo. Tangu mashamba ya pamoja ya ufugaji yalipoanza kugawanywa, ekari zimeuzwa kwa haraka, na kuna wanawake waliotambua kwamba ardhi imekwenda walipoona mgeni akichimba mashimo ya ua. Mwanamke asiye na mahali pa kwenda hurudi kwa anayempiga. Hilo daktari hulijua kabla ya wakili.

WAZEE NA NG'OMBE

Mtoto wa miaka 13 amenajisiwa. Wazee wamekaa chini ya mti, familia ya mkosaji imetoa mitamba, baba wa mtoto amekubali, na mama hakuulizwa. Mimi nawaheshimu wazee. Wametatua ugomvi wa malisho na visima ambao korti ingeuchukulia miaka kumi. Lakini katika jambo hili hawana mamlaka. Kifungu cha 159 cha Katiba kinakubali njia za jadi za kusuluhisha mizozo, kisha kinazuia papo hapo zisitumike kwa namna inayovunja haki za kimsingi. Na Sheria ya Makosa ya Kingono, katika kifungu cha 40, iliweka uamuzi wa kusimamisha kesi mikononi mwa Mwanasheria Mkuu, kazi ambayo sasa ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Baba hawezi kuiondoa. Chifu hawezi kuiondoa. Mama akija na mtoto hospitalini baada ya mitamba kupokewa, bado hajachelewa kisheria.

Ukeketaji nao ulipigwa marufuku kwa sheria ya 2011. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka mitatu au faini isiyopungua Sh200,000, au vyote viwili; msichana akifa, ni kifungo cha maisha. Kukubali kwa aliyekeketwa si utetezi. Kumvusha msichana Namanga ili akakatwe Tanzania ni kosa. Kujua na kunyamaza ni kosa. Na kumtusi mwanamke kwa sababu hakukatwa, jambo linalowaliza wasichana wengi walioolewa, nalo ni kosa.

Sheria hii imepingwa kwa nguvu hapa hapa. Juni 2014 wanawake waliandamana Ilbisil wakidai haki ya kuendelea na desturi hiyo. Daktari mmoja, Tatu Kamau, aliipinga kortini kuanzia 2017 akisema mwanamke mzima ana haki ya kujichagulia. Majaji watatu wa Mahakama Kuu waliitupa kesi hiyo Machi 2021. Sikubaliani na mwenzangu huyo katika taaluma. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa 2006, uliohusisha wanawake zaidi ya 28,000 katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwamo, ulionyesha kwamba waliokatwa hupasuliwa zaidi wakati wa kujifungua na huvuja damu zaidi, hasa waliokatwa na kushonwa. Kovu halitanuki kama nyama nzima. Kukatwa na muuguzi mwenye glavu hakubadilishi kovu hilo, na muuguzi huyo anashtakiwa kama ngariba.

Lakini sheria peke yake isingefika mbali. Kitaifa, wanawake waliokeketwa walikuwa asilimia 38 mwaka wa 1998. Mwaka wa 2022 walikuwa asilimia 15. Kabla ya sheria ya 2011 kuandikwa, mwalimu mkuu Priscilla Nangurai alikuwa akiwapokea wasichana waliotoroka ndoa katika shule ya AIC Girls, Kajiado. Nice Leng'ete, aliyetoroka kisu akiwa mtoto kule Kimana, alikaa na wazee hadi wakakubali sherehe ya kumtoa msichana utotoni bila kumkata. Hao walitumia maneno ya nyumbani, na yakasikika.

HATARI INAPOKARIBIA

Polisi walisema wanawake 97 waliuawa nchini kati ya Agosti na Oktoba 2024. Kabla ya hapo, Januari mwaka huo, maelfu walikuwa wameandamana Nairobi na miji mingine kupinga mauaji hayo. Septemba 2024 mwanariadha wa Uganda Rebecca Cheptegei alimwagiwa petroli na kuchomwa nyumbani kwake Trans Nzoia, akafariki siku nne baadaye katika hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret. Alikuwa ameungua asilimia 80 ya mwili. Familia yake ilisema ilikuwa imewahi kulalamika kwa polisi.

Ikiwa mume amekukaba koo, ana silaha, ametishia kukuua au kujiua, au vipigo vinaongezeka, usimtangazie kwamba unaondoka. Wakati wa kuondoka ndio wakati wa hatari kubwa. Weka kitambulisho, vyeti vya watoto, kadi ya hospitali na nauli mahali pamoja, kwa mtu unayemwamini. Fundisha watoto neno moja ambalo likitajwa wanakimbilia kwa jirani.

Nambari 1195 ni ya simu ya bure ya kitaifa kwa walioathiriwa na dhuluma za kijinsia. 116 ni ya watoto. 999 na 112 ni za polisi. FIDA-Kenya huwasaidia kisheria wanawake wasio na pesa za wakili. Na kama afisa kituoni amekataa kuandika taarifa yako, au amekuambia urudi nyumbani mkasameheane, omba kuonana na mkuu wa kituo, OCS. Naye akikataa, andika jina lake, tarehe na saa, upeleke malalamiko kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi. Kuyapeleka huko hakuna malipo.